Walitupa au tulipata? Kisa cha neno moja la Kiingereza

Siku nyingi sijaandika kitu. Wengi mnajua nilikuwa field, TP ya mwaka wa pili, shule moja ya kata huko mkoani ambako ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu nyuma ya choo cha walimu. Nimerudi chuo juzi. Begi halijafunguliwa vizuri, rumeti wangu anapiga msuli wa test ya Jumatano, na mimi badala ya kumuiga nimekaa hapa naandika. Kuna kitu kimeniganda kichwani tangu wiki ya tatu ya field, nisipokitoa sitalala.

Kisa chenyewe kiko hivi. Kipindi cha historia, Form Four, mada ni harakati za uhuru Tanganyika. Siku hiyo hiyo ndiyo amekuja mwalimu kutoka chuo kunikagua, amekaa dawati la nyuma kabisa na fomu yake ya maksi. Mwenzenu nimejipanga, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, maandalio ya somo yako safi. Kwa kuwa historia inafundishwa kwa Kiingereza, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu wote mzuri: "Britain granted independence to Tanganyika on 9th December 1961." Nikageuka kuuliza kama kuna swali, nikijua kwamba kwa kawaida hakuna anayeuliza.

Binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Hiyo 'granted' si ndiyo kupewa? Sasa kama Waingereza ndio waliotupa uhuru, wao waliutoa wapi?"

Darasa likacheka. Mimi nimeshika chaki, sina jibu. Nikatumia ile janja ya walimu wote duniani: "Swali zuri sana, tutalijibu kipindi kijacho." Yule mkaguzi akaandika kitu kwenye fomu yake. Sikujua ameandika nini, ila nilijua hakuandika sifa.

Jioni nikamfuata mzee mmoja anayefundisha Kiswahili pale shuleni, mtu wa karibu kustaafu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka kidogo akasema, "Mwanangu, kutoa kuna ngazi. Sikiliza watu wanavyosema." Akaanza kunihesabia kwa vidole. Mungu *hujalia*: tunasema Mungu akitujalia mtoto, wala hatusemi serikali imetujalia kiwanja. Chuo *hutunuku*: unatunukiwa shahada. Mwenyeji *hukirimu* mgeni. Serikali hutoa *ruzuku*, neno lenye asili moja na riziki, ambayo zamani watu waliitegemea kwa Mungu kwanza. Halafu chini kabisa kuna *kupa*, ambayo ni ya kila mtu: nipe chumvi, nipe nauli.

Hapo nikaona tofauti. Kiswahili kimegawa kazi hii kwa maneno mengi kulingana na nani anatoa. Kiingereza kina maneno yake mengi pia, ila hili moja la "grant" limebeba mzigo mkubwa peke yake. Mungu ana-grant maombi. Mfalme ana-grant ardhi. Ofisi ina-grant likizo, mahakama ina-grant dhamana, mfadhili ana-grant fedha za utafiti. Hata kwenye mabishano, ukikubali hoja ya mwenzako unai-grant. Na kile kitu ambacho sisi mtaani tunaita kuchukulia poa, wao wanasema kuki-take for granted. Sehemu zote hizo kuna kitu kimoja kinachofanana: anayetoa yuko juu, anayepokea yuko chini, na yule wa juu angeweza kukataa. Ndiyo maana huwezi ku-grant mtu chumvi mezani.

Nikiwa nasoma Historia na Kiingereza kwa pamoja, hii ilikuwa nondo yangu kabisa. Nilivyorudi chuo nikaingia maktaba. Neno hili liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, wakati Uingereza inatawaliwa na watu waliozungumza Kifaransa baada ya uvamizi wa 1066. Huko Ufaransa lilikuwa na maana ya kuahidi, kuthibitisha, kukubali. Ukilifuata nyuma zaidi unafika kwenye Kilatini, kitenzi "credere", yaani kuamini. Ndiyo, ni kile kile kilichozaa neno "credit". Kumbe "grant" na mkopo ni watoto wa bibi mmoja, na bibi huyo jina lake ni imani! Ikumbukeni hii, nitairudia mwishoni.

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe, maana hapo ndipo neno hili linaonyesha tabia yake.

Tarehe 15 Juni 1215, mahali panaitwa Runnymede karibu na mto Thames, Mfalme John wa Uingereza alikubali hati ambayo leo dunia nzima inaijua kama Magna Carta. Iliandikwa kwa Kilatini, na kwenye kifungu chake cha kwanza mfalme anasema "concessimus", ambayo Waingereza wanaitafsiri "tume-grant". Ukisoma maneno tu utadhani mfalme aliamka asubuhi akiwa na moyo mweupe akaamua kuwagawia watu wake haki. Ukweli ni kwamba mabaroni walikuwa wameasi, walikuwa na silaha, na mwezi Mei walikuwa wameshaikamata London. Mfalme alibanwa kwenye kona. Lakini hati haikuandikwa "tumenyang'anywa". Iliandikwa "tumetoa". Na kwa sababu ilikaa kama zawadi ya mfalme, mfalme akaenda kwa Papa Innocent III kulalamika, na tarehe 24 Agosti mwaka ule ule Papa akaitangaza kuwa batili. Hata miezi mitatu haikufika!

Hapo nikapata somo la kwanza: neno hili linakuonyesha nani ameshika kalamu, halikuelezi ilikuwaje mpaka akaandika. Na somo la pili: kilichoandikwa kuwa kimetolewa, mtoaji anajiona ana haki ya kukirudisha mfukoni.

Msidhani hiyo ni ya karne ya 13 tu. Mwaka 1953 koloni la British Guiana kule Amerika ya Kusini lilipewa katiba mpya yenye haki ya kila mtu mzima kupiga kura. Watu wakapiga kura mwezi Aprili, chama cha PPP cha Cheddi Jagan kikashinda. London haikumpenda Jagan, ikamwona mkomunisti. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wakatuma majeshi, wakaisimamisha katiba na kuwatoa mawaziri madarakani baada ya siku 133. Walitoa, wakachukua, kama mtu anayekuazima baiskeli halafu hapendi njia unayopita.

Sasa turudi nyumbani, tuanze na ardhi, maana wengi wetu wazazi wetu ni watu wa jembe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1923 ikaja sheria ya ardhi. Ardhi yote ikatangazwa kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na Gavana akapewa uwezo wa ku-grant haki ya kukaa na kutumia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Sasa jiulize, yule mkulima ambaye babu wa babu yake kazikwa pale pale shambani, nani alim-grant? Hakuna. Marekebisho ya 1928 ndiyo yaliyomwingiza kwenye tafsiri ya sheria, wakasema anayetumia ardhi kwa mila naye ahesabike kuwa na haki. Kwa hiyo wakawepo watu wa aina mbili: mwenye haki *iliyotolewa*, ana karatasi yenye muhuri, na mwenye haki *inayochukuliwa kuwa ipo*, ana kaburi la babu na mgomba.

Tofauti hiyo ya vitenzi viwili iliwaumiza Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ili yapatikane mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ilikufa njiani. Wameru hawakukaa kimya. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na mwanasheria Earle Seaton. Kesi ile haikurudisha ardhi wakati huo, lakini ilitikisa nchi nzima. Mtu kutoka kijijini alisimama mbele ya dunia akisema, kwa maneno mengine, swali lile lile la binti wa Form Four: mnachowagawia hao wageni, ninyi mlikitoa wapi?

Lugha hiyo ya sheria haijaondoka mpaka leo. Sheria zetu za ardhi za 1999 bado zina haki ya aina ya ku-grant na haki ya kimila. Ila zimeboreshwa: zinasema haki ya kimila ina hadhi sawa na ile nyingine, na inaweza kuwa haina ukomo wa muda. Mwenye wazee kijijini, likizo hii waulizeni kama wana hati ya hakimiliki ya kimila. Msichukulie poa.

Haya, sasa uhuru wenyewe.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huo huo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitembelea Tanganyika na kwenye ripoti yake ukapendekeza kwamba nchi inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Uingereza ikakataa kufungwa na ratiba yoyote. Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Nyerere akaenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini kule New York. Akina Bibi Titi Mohamed wakawa wanazunguka kuandikisha wanachama, hasa akina mama. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa alichoandika kuhusu maofisa wa serikali, akatozwa faini au aende jela. Uchaguzi wa 1958 na 1959 uliwekewa sharti la ajabu: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU walibishana sana Tabora, wakaamua kuingia hivyo hivyo, na wagombea waliowaunga mkono wakashinda. Agosti 1960 wakachukua viti 70 kati ya 71. Tarehe 1 Mei 1961 serikali ya madaraka ya ndani, na 9 Desemba 1961 bendera ikabadilishwa.

Rumeti wangu (kaacha test yake ili abishane na mimi, nisaidieni kumlaumu) anasema: "Lakini hawa kweli walitoa. Hatukupigana. Kenya walipigana msituni, sisi tulikaa mezani." Hoja yake ina uzito na naikubali nusu. Hakukuwa na vita mwaka 1961. Vita vyetu vikubwa, Majimaji, vilikuwa 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Lakini mtu akishakosa viti vyote isipokuwa kimoja, na dunia inamtazama, akasema "nimewapa", bado nakumbuka Mfalme John. Tofauti ni kwamba mabaroni walikuwa na panga, TANU walikuwa na kadi.

Halafu kuna jambo ambalo nililipata maktaba likanishangaza. Tarehe 14 Desemba 1960 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1514, maarufu kabisa, ndilo msingi wa kukomesha ukoloni. Mwaka huo peke yake nchi 16 za Afrika zilikuwa zimeingia Umoja wa Mataifa. Wazo lilianzishwa na Khrushchev wa Urusi ya Kisovieti mwezi Septemba, lakini maandishi yaliyopita yaliletwa na nchi 43 za Afrika na Asia. Kura za ndiyo 89, za hapana sifuri, waliojizuia 9: Uingereza, Ufaransa, Marekani, Ureno, Ubelgiji, Hispania, Afrika Kusini, Australia na Jamhuri ya Dominika. Na jina la azimio? Ni tamko kuhusu "granting of independence", yaani kutoa uhuru kwa nchi na watu wa makoloni!

Yaani sisi wenyewe, wadai, tuliliweka neno hilo kwenye kichwa cha habari. Na wale waliotarajiwa kutoa ndio walioshindwa kuinua mkono! Ila ukifungua ndani, lugha inabadilika. Ndani wanazungumza juu ya haki ya watu wote kujiamulia, na wanataka hatua za haraka za *kuhamisha* madaraka yote kwa wananchi bila masharti. Kwa hiyo kichwa kinasema zawadi, mwili unasema haki.

Kichekesho cha pili: sheria ya Bunge la Uingereza ya 1961 kuhusu uhuru wa Tanganyika, kwenye maelezo yake ya mwanzo, haikutumia "grant". Ilitumia "attainment", yaani kufikia, kupata. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Ghana mwaka 1957 na Kenya mwaka 1963. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa ya kikoloni kuliko sheria ya wakoloni wenyewe. Niliona aibu mwenzenu.

Na Kiswahili kilishajua siku nyingi. Sikilizeni wazee wanavyosema: "Tulipo*pata* uhuru." Ni nadra kumsikia mzee anasema "tulipopewa uhuru", na akisema hivyo kuna mtu atamrekebisha. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Watu walichagua kitenzi ambacho mtendaji wake ni sisi. Kinachotuponza ni kwamba darasani tunaisoma historia yetu kwa Kiingereza, tunakariri sentensi kama ilivyo ili tusipate sapu, na kitenzi kinapita na mzigo wake bila kukaguliwa.

Sasa turudi kwa yule bibi, "credere", kuamini. Tanganyika kisheria haikuwa mali ya Uingereza hata siku moja. Kwanza ilikuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, halafu kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa makubaliano kwamba mdhamini aiandae kujitawala au kuwa huru. Mkataba ule ulikoma siku ya uhuru kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Kwa maneno ya nyumbani, ilikuwa amana. Ukimwachia jirani ng'ombe wako akamkamua miaka 40, siku akimrudisha hawezi kusema amekutunuku ng'ombe. Amerudisha. Na sisi hata hatukumwachia, alimkuta kwa jirani mwingine aliyemchukua kwa nguvu!

Nilirudi kwenye kipindi kilichofuata. Nikaandika ubaoni sentensi tatu badala ya moja: Uingereza ilitoa uhuru, Tanganyika ilipata uhuru, Watanganyika walirudishiwa kilicho chao. Nikawagawa vikundi, kila kikundi kitetee moja kwa tarehe na matukio. Zogo lilivyokuwa kubwa, mkuu wa shule alipita dirishani kuangalia kama kuna mwalimu darasani. Yule binti aliongoza kundi la tatu. Hoja yake ya mwisho ilikuwa fupi: "Mwalimu, wanaweza kuandika 'granted'. Ni karatasi yao. Sisi tuandike yetu."

Fomu ya ukaguzi nimeiona jana. Kwenye maudhui nimepata wastani tu. Chini, kwa wino mwekundu, kumeandikwa: "Mwanafunzi wako ameuliza swali la historia. Wewe uliandika jibu kabla ya swali." Imeniuma, ila ni kweli.

Jambo moja la mwisho nikalale. Neno hili si baya kila mahali. Mtu akikupa ufadhili wa masomo kutoka mfukoni mwake, hiyo ni grant na sema asante. Sisi wa mkopo tunaosubiri bumu tunasema "nimepewa", halafu tukianza kazi tunakatwa mshahara kulipa, kwa hiyo tuchunge ulimi. Na chuo chetu cha kwanza, kile kilichofunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, hakikuwa na uwezo wa kutunuku shahada yake mwenyewe. Shahada zilitoka Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo siku tukivaa joho, ukisikia "natunuku", kumbuka kwamba hata kitenzi hicho kilibidi kitafutwe.

Mimi kama mwalimu mtarajiwa nimejiwekea swali moja. Kila nikikutana na "granted" kwenye kitabu cha historia nitauliza: kilikuwa chake? Kama ndiyo, amenipa. Kama siyo, nitafute kitenzi kingine.

Maoni nayakaribisha, hata mawe. Rumeti amerudi kwenye nondo zake. Usiku mwema.